Msalaba mweusi juu ya moyo mwekundu: kisa cha muhuri wa Luther, 1530

Lazarus Spengler alikuwa katibu wa halmashauri ya jiji la Nuremberg, mtu aliyeishi kati ya nyaraka na mihuri, na mtu wa namna hiyo anajua kuwa muhuri ukishachongwa vibaya hauna dawa. Katikati ya mwaka 1530 alimpelekea Martin Luther swali la kikazi kabisa: muhuri wako, kwa jinsi ulivyochorwa, umepatia? Jibu liliandikwa tarehe 8 Julai. Ni barua fupi, inasomwa kwa dakika mbili. Lakini ndiyo barua inayofafanua alama ambayo leo iko kwenye ngao, vyeti, milango na stola za vyuo vingi vya theolojia vya Kilutheri: waridi jeupe, ndani yake moyo mwekundu, na ndani ya moyo msalaba mweusi.

Nimeichukua barua hii kama kisa cha kuchambua kwa sababu ni nadra mno mwenye nembo kutuachia ufafanuzi wake mwenyewe. Nembo nyingi za vyuo hupewa maana na watu waliokuja miaka mingi baada ya mchoraji kufa, na kila kizazi huongeza lake. Hapa tuna sauti ya mwenyewe, tuna tarehe, na tunajua alikuwa katika hali gani. Kwa hiyo tunaweza kumbana kwa swali ambalo kila nembo inapaswa kulijibu: kwa nini rangi hii, na si ile?

Kwanza mahali. Luther alikuwa ndani ya ngome ya Coburg, alikokaa kuanzia Aprili hadi mwanzoni mwa Oktoba mwaka huo. Wenzake, Philipp Melanchthon akiwa mbele yao, walikuwa Augsburg kwenye Baraza la Dola mbele ya Kaisari Karl V, na huko tarehe 25 Juni Ungamo la Augsburg, tamko la imani la upande wake, lilisomwa hadharani. Yeye hakuweza kwenda. Tangu Baraza la Worms la 1521 alikuwa chini ya marufuku ya dola, na nje ya ardhi ya mtawala wake hakuwa na ulinzi wowote. Akabaki ngomeni akisubiri barua na kuandika barua.

Kuna jambo la pili ambalo wachambuzi wa nembo hii hulipita haraka, nami sitalipita. Tarehe 5 Juni zilimfikia habari kwamba baba yake, Hans, amefariki mwishoni mwa Mei. Alichukua Zaburi yake, akaingia chumbani, akalia. Barua ya muhuri ilikuja wiki tano baadaye. Inazungumzia furaha mara nyingi, na aliyeiandika alikuwa mfiwa. Ukiisoma bila kukumbuka hilo utaona maneno matamu ya mtu anayefurahia zawadi. Ukilikumbuka, kila neno linakuwa na uzito wake.

Zawadi nayo ilikuwepo. Johann Friedrich, mwana na mrithi wa mtawala wa Saxony, ndiye aliyeagiza pete ya muhuri itengenezwe Nuremberg kwa ajili ya Luther. Hapo ndipo Spengler anapoingia na swali lake.

Kusoma kuanzia ndani

Wataalamu wa nembo za ngao wana utaratibu wao wa kuisoma nembo. Huanza na uwanja, yaani rangi ya ardhi ya ngao, kisha hutaja kilicho juu ya uwanja, kisha kilicho juu ya hicho, mpaka wafike juu kabisa. Kwa utaratibu huo muhuri wa Luther ungesomwa hivi: uwanja wa bluu ya mbingu wenye pete ya dhahabu ukingoni, juu yake waridi jeupe, juu ya waridi, moyo, juu ya moyo, msalaba mweusi. Msalaba ungetajwa mwisho, kama kitu kilichopachikwa baada ya vyote.

Luther anageuza mpangilio wote. Cha kwanza, anasema, uwe msalaba, mweusi, ndani ya moyo. Kisha moyo. Kisha waridi. Kisha bluu. Mwisho dhahabu. Kwa mtu anayejua lugha ya ngao, kugeuza huku ni hoja tayari, kabla hata hajafafanua chochote. Uwanja hapa si ardhi ambayo msalaba umesimikwa juu yake. Msalaba ndio chanzo, na hivyo vingine vinatoka humo kama mawimbi yanavyotoka jiwe linapotumbukia majini: moyo kwa sababu ya msalaba, waridi kwa sababu ya moyo, mbingu kwa sababu ya waridi. Mwenyewe aliuita muhuri huu alama ya theolojia yake, na nadhani jina hilo linastahili kwa mpangilio wake kabla hata ya picha zilizomo.

Maandiko anayoyatumia ni machache na hayajifichi. Msalaba uko moyoni ili umkumbushe yeye mwenyewe kwamba imani kwa aliyesulubiwa ndiyo inayookoa, kwa maana "kwa moyo mtu huamini hata kupata haki" (Warumi 10:10). Tuliangalie neno hilo, "umkumbushe". Muhuri kwa kawaida huwaambia wengine: huyu ndiye mimi. Luther anataka uwe unamwambia yeye, kila anapoubonyeza.

Rangi mbili zinazogombana

Sasa tufike penye ugumu, ambapo ndipo kisa kinapokuwa kisa.

Elimu ya nembo za ngao ina kanuni moja inayojulikana kuliko zote. Rangi zimegawanywa makundi mawili: metali, ambazo ni dhahabu na fedha (kwenye mchoro, njano na nyeupe), na rangi zenyewe, yaani nyekundu, bluu, nyeusi, kijani na zambarau. Metali haiwekwi juu ya metali, wala rangi juu ya rangi. Sababu yake ni ya macho tu: ngao ilipaswa kutambulika kwa mbali, na nyeusi juu ya nyekundu kwa mbali humezwa.

Ipitie nembo ya Luther kwa kanuni hiyo. Waridi jeupe juu ya bluu: metali juu ya rangi, safi. Moyo mwekundu juu ya waridi jeupe: rangi juu ya metali, safi. Pete ya dhahabu kando ya bluu: safi. Msalaba mweusi juu ya moyo mwekundu: kosa. Na kosa hilo limekaa katikati hasa, kwenye kile ambacho mwenye nembo anasema ndicho cha kwanza.

Je, Luther hakujua? Swali hilo halinisumbui sana, kwa sababu barua yake yenyewe inatoa sababu ya kila rangi, na sababu hizo haziruhusu mabadiliko. Msalaba ni mweusi kwa kuwa unafisha na unapaswa kuuma. Msalaba wa dhahabu ungeonekana vizuri zaidi, wa fedha pia, lakini msalaba wa dhahabu hauumi mtu. Na moyo je? Hapa anasema jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha barua nzima: msalaba, pamoja na weusi wake, unauacha moyo katika rangi yake. Hauharibu asili. Hauui, bali unaweka hai, kwa maana mwenye haki ataishi kwa imani, imani kwa aliyesulubiwa. Moyo ungeweza kupakwa njano ili msalaba mweusi uonekane barabara. Ungeweza kugeuzwa mweupe. Lakini moyo uliobadilishwa rangi na msalaba ni moyo uliofutwa ubinadamu wake, na hilo ndilo analolikataa.

Kwa hiyo rangi zote mbili zimefungwa na mafundisho, na zikikutana zinavunja kanuni. Ni kweli kwamba wataalamu wa nembo wana mlango wa kutokea hapa. Kitu kikichorwa katika rangi yake ya asili, mti kwa kijani chake au mnyama kwa manyoya yake, husamehewa kanuni ya metali na rangi. Luther anasema wazi kwamba moyo ubaki katika rangi yake ya asili. Mtaalamu mwenye huruma angeweza kumpitisha kwa hoja hiyo. Mimi naona msamaha huo unafaa kwa namna ya kipekee, maana hoja ya kisheria na hoja ya theolojia zinakuwa neno lilelile: asili haikuguswa.

Tokeo lake kwa macho ni kwamba ukisimama mbali na nembo hii unaona waridi na moyo, msalaba huuoni. Lazima usogee. Barua haitaji jambo hili, ni usomaji wangu, lakini nimeona wageni wakitazama waridi hili ukutani na kudhani ni ua la mapambo tu, hadi wakaribie. Mtu aliyefundisha kwamba Mungu hujificha ndani ya mateso ameachiwa na rangi zake mwenyewe nembo inayoficha msalaba mpaka ukaribie.

Lakiri haina rangi

Kuna jambo jingine la ajabu katika kisa hiki, na ni la kiufundi. Pete ya muhuri huchongwa ili ibonyezwe kwenye lakiri, yaani nta ya kufungia barua. Inachokitoa ni mwinuko na bonde, basi. Haitoi nyeusi, wala nyekundu, wala bluu. Lakiri ikiwa nyekundu, kila kitu ni chekundu: msalaba, waridi, mbingu. Na bado Spengler aliyeuliza kuhusu muhuri alijibiwa kwa barua ambayo karibu yote ni rangi.

Siku hizo hapakuwa na mfumo ulioenea wa kuonyesha rangi kwa mistari. Mfumo wa mistari tunaoutumia hadi leo kwenye mihuri na chapa za wino mmoja ulienea karne iliyofuata, hasa kwa kazi ya Mjesuiti Silvester Petra Sancta ya mwaka 1638: mistari ya wima ni nyekundu, ya mlalo ni bluu, nukta ni dhahabu, pasipo kitu ni fedha, na wima ikikatana na mlalo ni nyeusi. Luther hakuwa nao. Alichokuwa nacho ni barua. Kwa hiyo ufafanuzi ni sehemu ya muhuri kwa maana kamili: bila barua, pete inatoa umbo tu, na nusu ya mafundisho inabaki ngomeni Coburg.

Hapa ndipo vyuo vingi vinapojikwaa leo, na nalisema kwa uchungu kwa sababu nimewahi kushika cheti cha namna hiyo. Nembo inachorwa upya kwa ajili ya karatasi yenye kichwa cha barua. Mchoraji anaona msalaba mweusi unapotea kwenye moyo, anaugeuza mweupe. Kazi yake ni nzuri kwa macho. Lakini msalaba mweupe hauumi mtu, na mtu aliyeandika barua ile alitaka ule unaouma. Mwingine anauacha uwanja bila rangi kwa kuwa bluu inamgharimu wino, na tumaini la mbinguni linatoweka kwenye cheti cha mtu anayekwenda kuzika wafu. Mfumo wa Petra Sancta ungewasaidia wote wawili. Kwa wino mmoja, mistari ya wima kwenye moyo na mistari inayokatana kwenye msalaba, rangi zote zinarudi kwa anayejua kusoma.

Waridi, bluu, pete

Waridi ni jeupe, si jekundu, na Luther anajibu swali hilo kabla hujaliuliza. Imani hutoa furaha, faraja na amani, lakini si kama ulimwengu utoavyo, maneno anayoyachukua Yohana 14:27. Nyeupe ni rangi ya roho na ya malaika wote. Mtu hukumbuka mara moja malaika wa kaburini mwenye mavazi meupe kama theluji. Waridi jekundu lilikuwa limezoeleka kuwa ua la damu na la wafia dini, na pia la mapenzi ya dunia hii. Halafu angalia upande wa ngao: waridi jekundu lingeumeza moyo mwekundu, na lingekuwa rangi juu ya rangi kwenye bluu. Safari hii kanuni na mafundisho vinakubaliana, na nembo inapumua.

Petali tano? Vijani vidogo vya kijani vinavyochungulia kati ya petali? Nimesikia vikifafanuliwa madarasani kwa ufasaha mkubwa, tano zikiwa majeraha matano ya Bwana, kijani kikiwa uzima. Barua haina neno hata moja juu yake. Waridi la kwenye ngao huchorwa kwa petali tano na vijani hivyo, ndiyo desturi ya mchoro, iwe ni waridi la mchungaji au la mfalme. Mwalimu akitaka kuhubiri juu ya petali tano na ahubiri, ila asimtwishe Luther.

Kilicho cha Luther kwelikweli ni kile alichokiondoa. Katikati ya waridi la ngao huwa na kitovu cha mbegu, duara dogo la dhahabu. Yeye kaweka moyo mahali pa mbegu. Mtu aliyeingia utawa wa Waaugustino mwaka 1505 aliujua moyo kama alama: Augustino katika picha hushika moyo uliochomwa mshale, kwa ajili ya maneno yake kwamba Mungu alimchoma moyo kwa upendo. Naamini moyo wa Luther ni mtoto wa moyo ule, na kwamba mshale umempisha msalaba. Mshale hutoka nje ukachoma. Msalaba wake yeye umekaa ndani.

Bluu haihitaji mengi: furaha ya imani ni mwanzo wa furaha ya mbinguni, imeshikwa tayari kwa tumaini ingawa bado haijafunuliwa. Dhahabu ni pete inayozunguka yote, haina mwanzo wala mwisho, na dhahabu ni bora kuliko metali nyingine kama heri hiyo ilivyo bora kuliko mali yoyote.

Kisha pete ya kweli ikafika. Johann Friedrich aliileta mwenyewe Coburg tarehe 14 Septemba, akirudi kutoka Augsburg. Kesho yake Luther alimwandikia Melanchthon kwamba pete ilikuwa pana mno kwa kidole chake, ikaanguka sakafuni papo hapo, akajiona kama anaambiwa kwamba hakuzaliwa kuvaa dhahabu. Pete hiyo leo imehifadhiwa Dresden. Ninaipenda habari hii kwa sababu inalinda barua ya Julai isisomwe kama majivuno. Dhahabu aliyoiandikia ilikuwa ile isiyoweza kuvaliwa.

Pingamizi moja zito

Kuna wanaosema ufafanuzi huu ni wa baada ya tukio. Waridi lilikuwepo kabla ya 1530. Maana ilishonewa baadaye, kama vazi linaloshonwa kumfuata mtu aliyekwisha kusimama. Sehemu ya kwanza ni kweli. Mwaka 1524 vitabu vilivyochapwa Wittenberg vilibeba waridi lenye moyo na msalaba, pamoja na Mwanakondoo mwenye bendera, na maelezo mafupi kwamba alama hizi ziwe ushahidi kuwa vitabu vimepitia mkononi mwake, kwa kuwa wachapaji wengi wakati huo walikuwa wakitoa nakala mbovu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya waridi hili hadharani ilikuwa kazi ya soko: kutofautisha chapa halali na ya wizi.

Sehemu ya pili siikubali. Alama ya kuthibitisha na alama ya kufundisha si vitu viwili vinavyopingana, hasa kwa mtu ambaye kilichokuwa kinaibiwa ni mafundisho. Mwaka 1524 waridi lilisema: maneno haya ni yangu. Mwaka 1530 lilisema: na maneno yangu ni haya. Umbo halikubadilika. Kilichoongezeka ni kwamba aliulizwa na katibu makini, akiwa na msiba, akiwa na wenzake hatarini Augsburg, akalazimika kulitamka alilokuwa amelibonyeza kwenye lakiri bila kulisema.

Ndiyo sababu kwangu ushauri kwa chuo kinachobeba nembo hii ni mwembamba. Kikilibeba waridi, kibebe na barua. Iwekwe kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu cha mwaka, isomwe siku ya mahafali, mchoraji apewe kabla hajapewa rangi. Kama chuo kinataka msalaba wa dhahabu kwa sababu zake, hiyo ni haki yake, lakini basi kiandike barua yake chenyewe, kiseme kwa nini.

Mwaka 1540 Katharina von Bora alimpa mumewe zawadi ya mlango wa mawe kwa ajili ya nyumba yao Wittenberg, jengo lililokuwa monasteri ya Waaugustino. Mlango bado upo. Kila upande una kiti cha jiwe, mtu anaweza kukaa kupumzika jioni. Juu upande mmoja kuna sura ya Luther. Upande wa pili, mahali ambapo ungetegemea sura nyingine, kuna waridi lake. Limezungukwa na neno moja la Kilatini, VIVIT, yaani "yu hai".